Barua ya Fundi wa Gatsata

Fundi cherehani wa hapa Gatsata hafumbii macho mshono uliopinda. Mteja akisema "acha tu," yeye huufumua kwa wembe, ulimi ameubana pembeni mwa mdomo. Jana alikuja dukani kwangu, ninakoandikia watu barua, nimwandikie moja kwa wakubwa wa jeshi: miaka mitatu iliyopita, mwaka 1991, alipokuwa askari, kapteni wake aliamuru mfungwa apigwe, naye akapigwa hadi akafa. Nikaandika, "Nilishuhudia." Nilipomsomea, akatikisa kichwa.

"Hapana, futa. Andika mimi ndiye nilimushika mikono."

"Watakufunga, mzee."

"Najua. Andika."

Leo asubuhi ameniachia nguo zote za wateja, zimeshonwa na kupigwa pasi, niwagawie. Kisha akateremka kituo cha mabasi cha Nyabugogo kuipeleka barua mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili.