Siku Mama Aliponikana Ukumbini

Hakuna kitu kinaweza kunishtua. Niliacha shule darasa la tano, nikauza viazi gunia kwa gunia soko la Chepseon, na leo nina malori matatu ya kubeba majani chai. Nimeona yote.

Kwa hivyo kansa ilipoingia mifupa ya mama yangu, nilijua nitaipangia. Dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali ilipatikana hospitali moja tu, mwendo wa saa mbili, na kila safari ilimrudisha mama akiwa hoi. Nikasikia kaunti inaandika sera ya afya na itachukua maoni ya wananchi kwenye ukumbi wa kanisa letu. Nikavaa koti, nikampakia mama kwenye lori, tukaketi mbele.

Nilipopewa maikrofoni nilisema vizuri, tena sana. Nikataka dawa hiyo iletwe zahanati zote za vijijini. Halafu nikaongeza chumvi, maana kusema najua. "Huyu mama amechuna chai miaka arobaini. Ugonjwa wote huu, hajalia hata siku moja. Hata uso hakunji!"

Makofi. Ofisa wa afya, mama kijana mpole, akainua kalamu. "Mzee, hata zahanati zinaniambia hivyo. Hakuna mgonjwa analalamika. Sasa dawa nimwandikie nani?"

Nikarekebisha koti langu.

Kwetu mtu mzima kuugulia mbele ya watu ni aibu. Ndivyo tulivyolelewa. Mama akashika bega langu, akasimama.

"Huyu ni mwongo," akasema. "Inaniuma. Nikilala nang'ata blanketi, yeye anaamka kwenda kujisifu."

Sawa, hapo nilishtuka kidogo.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama akamgeukia ofisa. "Andika, binti yangu. Inauma! Na siku dawa ikifika hapa, huyu bwana mkubwa atanunulia kila mtu humu ndani soda, kwa kunisingizia."

"Hata mimi inaniuma!" mzee mmoja akaita kutoka nyuma. Kisha mama mwingine. Ofisa akaandika mpaka akafungua ukurasa mpya.

Sera ikapita. Kabla ya Krismasi chupa zilikuwa zahanati yetu, dakika kumi kwa miguu. Mama alilala mpaka ng'ombe wakakamuliwa bila yeye kujua. Alipoamka aliitisha chai, kisha akatoa chini ya mto orodha ya waliohudhuria ule mkutano. Kumbe aliomba nakala.

Watu sitini na tatu, na mama akanywa mbili. Soda sitini na nne, kila moja hamsini: shilingi elfu tatu na mia mbili.