Elementi ya Kuziba Uso

Kofia ngumu ni neno la mabango ya barabarani. Sisi waendesha bodaboda wa Dar tunavaa elementi. Nani alianza kuitamka hivyo sijui, ila kufikia siku nilipopata pikipiki yangu ya kwanza, neno lilikuwa limeshaota ndevu, na ukisema vinginevyo kijiweni wanakuuliza kama umekuja kuhesabu watu.

Kwa sababu ya neno hilo nilipata umaarufu shuleni. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na mke, watoto wawili na kitambi cha kuanzia, nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakinigusa masikio. Siku ya kwanza ya kemia mwalimu akauliza, "Nani atanitajia elementi mbili?"

Mkono wangu ulipaa nusura ung'oe feni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kujua jibu la swali la sayansi.

"Ya nusu na ya kuziba uso," nikasema.

Darasa lilicheka mpaka pantoni ikachelewa kuondoka Magogoni. Mwalimu mwenyewe, mtu ambaye hata siku ya Idi hakuonyesha meno, alilazimika kukaa chini. Alipopata pumzi akaniambia alikuwa anataka oksijeni.

Kwa ambaye hajawahi kupanda pikipiki, nieleze. Elementi ya nusu ni bakuli la uji lililogeuzwa. Inakaa utosini, uso wote uko nje, unasalimiana na dunia nzima, na kila nzi wa Ilala anaijua ladha ya mdomo wako. Ya kuziba uso inashuka mpaka chini ya kidevu, mbele ina kioo. Ukiivaa saa saba mchana unasikia pumzi zako kama umejifungia kabatini na beberu.

Mimi nilikuwa mtu wa nusu. Wenzangu walidhani ni joto. Kumbe ni mama yangu.

Mama alikuwa mshona kofia, zile nyeupe za mkono, za vitobo vidogo ambavyo kila kimoja kinazungushiwa uzi mpaka macho yanauma. Nikisema nusu ya wanaume walioswali Ijumaa Kariakoo walikuwa wamevaa vidole vya mama yangu kichwani, hapo nimepunguza. Watu aliwajua kwa vichwa vyao. Alikuwa akisema, "Yule ishirini na tatu kasoro robo amepata mjukuu," nasi nyumbani tunajua kabisa anamsema nani. Futi yake ya kupimia ilikuwa ya manjano, inchi tatu za mwanzo zimefutika kwa kushikwa, na mtu hakupita barazani kwake bila kuzungushiwa kichwani.

Nami aliniita kwa kipimo. Nilipoanza chuo, kujifunza alifu na bee, nilikuwa Ishirini. Nilipofeli darasa la saba nilikuwa Ishirini na Moja na Nusu. Nilipooa nikawa Ishirini na Mbili na Nusu, nikabaki hapo. "Kichwa kimegoma kukua," alinitania, "sasa jitahidi kijazwe." Ndiyo maana nilienda masomo ya jioni, msinifikirie mema zaidi ya hayo.

Jambo la pili kwake lilikuwa salamu. Kwa mama, mtoto aliyepita bila shikamoo alikuwa sawa na mtoto aliyepita bila nguo. Alikuwa anaweza kukurudisha kutoka Mnazi Mmoja uje uisemee barazani, na hata mimi na kitambi changu nilirudishwa.

Usahaulifu ulimwingia kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Kwanza alisahau sufuria motoni. Kisha akawa anamuuliza dada yangu mkubwa, anayeishi naye, kwa nini baba amechelewa kurudi kutoka dukani. Na baba tulikuwa tumemzika miaka mingi. Mimi nilikuwa nimehamia Kigamboni. Kila asubuhi nikivuka na pikipiki, nikashika Posta, nikapita Mnazi Mmoja, lazima nikunje kona ya mtaa wetu wa Kariakoo kabla sijatafuta abiria wa kwanza. Nikiwa bado mbali napiga honi na kucheka meno yote nje. Naye barazani ananyanyua mkono.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, Ishirini na Mbili na Nusu! Umekunywa chai?"

Halafu nampa kile kichekesho cha kemia. Alikipenda kupita kiasi, ingawa oksijeni nayo hakuijua. Alicheka mpaka anashika mbavu, kesho yake amesahau, namsimulia upya, anacheka upya. Nilimwambia dada kwamba mchekeshaji mwenye kichekesho kimoja hawezi kupata msikilizaji bora zaidi ya huyu. Dada hakucheka.

Siku moja ya mvua niliazima elementi ya kuziba uso ya mwenzangu wa kijiweni. Nikakunja kona, nikapiga honi kama kawaida. Mama alinyanyuka, akapiga ukelele, "Jini! Jini halina uso!" na kopo la sindano likanipata kifuani. Niliivua elementi haraka nikakwangua sikio. Aliponiona alikuja mvuani akanikamata mashavu kwa mikono miwili.

"Kumbe wewe. Usinifiche uso, mwanangu. Nikiukosa uso wako nitakushika wapi?"

Mvua ile ile nikaapa: ya nusu mpaka Kiama.

Niliamini kabisa. Nilidhani nikiacha uso wangu nje kila asubuhi, nikamwonyesha kama mtu anayeonyesha kitambulisho, basi hautafutika. Wengine walimpa dawa, mimi nikampa sura. Na kwa muda ilikubali. Alimsahau jirani wa ukuta mmoja, akalisahau jina la mtaa, lakini mimi nikitokea konani mkono unanyanyuka.

Kisha yule mwenzangu aliyeniazima, siku hiyo naye amevaa ya nusu, alianguka pale Mnazi Mmoja. Gari lilikata mbele yake, akatua kwa kidevu. Hakufa. Taya lilifungwa nyaya. Mimi na mke wangu tulienda kumtazama, tukamkuta anakunywa uji kwa mrija, na machozi yanamtoka kwa sababu mkewe alikuwa amesema jambo la kuchekesha na yeye hawezi kucheka.

Tuliporudi, kwenye pantoni, mke wangu alinigeukia.

"Baba watoto, mwenzio anakula kwa mrija."

"Nimemwona."

"Hujamwona. Ungemwona usingelivaa hilo bakuli kurudia."

"Unajua sababu yangu. Mama akinipotea je?"

Aliangalia maji. "Mama anakupoteza kidogo kidogo, ni mapenzi ya Mungu. Wanao unataka wakupoteze kwa siku moja?"

Mimi ni mtu wa maneno, nimeshawahi kumjibu trafiki akasahau kosa. Hapo niliivua ile ya nusu, nikaigeuzageuza mkononi kama bakuli tupu.

Asubuhi iliyofuata niliingia duka la vipuri vya pikipiki la Ami mmoja, mzee wa Kiarabu ambaye baba yake na babu yake waliuza katika mlango huo huo. Kichwani alikuwa na kofia ya mama yangu, imeshakuwa rangi ya maziwa ya chai.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, baba. Bi mkubwa hajambo?"

"Yupo."

Nilimweleza shida yangu: mke anataka uso ufungwe, mama anautaka wazi. Ami alifikiri, akapanda ngazi, akashuka na aina ambayo sikuwahi kuishika. Kwa mbele imeziba kama zile nyingine, lakini pembeni ina kitufe. Ukikibonyeza sehemu yote ya kidevu inanyanyuka juu.

"Njiani umefunga," akasema, "ukikaribia kwa mama yako unafunua. Kama mlango wa duka."

Nilitaka kumbusu. Ami akaniambia ukweli wake pia: ile isiyofunuka ni imara zaidi, haina maungio. Sikumsikiliza. Nilikibonyeza kile kitufe mara mia nne.

"Kichwa chako kipimo gani? Hizi zinaenda kwa sentimita."

"Ngoja," nikamwambia. "Kichwa hiki kina mpimaji wake."

Niliiacha pikipiki pale dukani, nikatoka nimechangamka. Nilimkuta mama barazani, amekunja miguu, kitambaa cheupe mapajani. Mikono ilikuwa haijasahau kitu. Sindano inaingia, inatoka. Sikupiga honi siku hiyo kwa sababu nilikuwa kwa miguu. Nikajiambia ndiyo maana mkono haukunyanyuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, akaishia hapo.

Nikampa kichekesho cha kemia. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtu wa bima. Nikajiambia ana usingizi.

"Mama, nipime kichwa. Nanunua elementi."

Neno kupima lilimwamsha. Akaivuta futi yake ya manjano kutoka shingoni, nikapiga magoti mbele yake, naye akanizungushia juu ya masikio, akabana kwa kidole gumba, akasoma.

"Ishirini na mbili na nusu."

"Ndiyo mimi huyo, mama!" Nilisema kwa sauti iliyoweza kufika Kigamboni bila pantoni. "Ishirini na Mbili na Nusu wako!"

Alinitazama. Uso wangu ulikuwa umbali wa shubiri moja na wake, hauna kofia, hauna kioo, nimeuosha, nimeunyoa, mchana mweupe.

"Kichwa kizuri," akasema, "nyumbani kwenu wapo?" Halafu akanionyesha kazi iliyokuwa mapajani, kofia ndogo, ya kuvaa mtoto. "Samahani, yako siwezi kuianza sasa hivi. Namshonea mwanangu, ameanza chuo. Yeye ishirini."

Niligeuza futi upande wa sentimita. Hamsini na saba. Nikaikunja vizuri, nikamrudishia shingoni. Dada alikuwa amesimama mlangoni na dekio mkononi, na jinsi alivyonitazama nikajua kwamba hali hii haikuanza leo. Ilikuwa imeanza siku kadhaa nyuma, na yeye alikuwa amenificha.

"Ulikuwa unapiga honi," alisema taratibu. "Alikuwa anaipungia honi."

Nilirudi kwa Ami.

"Hamsini na saba."

"Vizuri," akasema, ameshaishika ile yenye kitufe. "Nikufungie hii?"

"Nipe isiyofunuka, Ami."

Alishangaa, akafungua mdomo, kisha nadhani aliusoma uso wangu, maana ulikuwa bado wazi. Akaipanda tena ngazi bila kuuliza. Ile elementi ilinikaa sawasawa. Nje ya duka niliteremsha kioo, na Kariakoo yote, wapiga debe, mikokoteni, makuli wanaolia "mguu, mguu, pisha!", ikawa mbali kama redio ya jirani. Mke wangu aliponiona jioni aliipiga ngumi mara mbili utosini, akasema, "Alhamdulillahi." Sikumwambia ilivyonunuliwa.

Siku mbili sikukunja ile kona. Nilijiambia abiria ni wengi. Siku ya tatu pikipiki ilikunja yenyewe.

Mama alikuwa barazani. Nilizima injini bila kupiga honi, nikasimama mbele yake na elementi yangu ya kuziba uso, ya aina ile ile iliyowahi kunifanya jini. Hakushtuka. Hakutafuta kopo. Nilinyanyua kioo na kuvuta pumzi nimsalimie, lakini yeye aliwahi. Aliiweka kazi chini, akajitanda kanga vizuri kichwani, akainamisha macho kidogo kama mwanamke kijana aliyelelewa.

"Shikamoo," akasema.

Mama yangu, kwangu mimi.

Nimetukanwa na matrafiki, makonda, maofisa wa Posta wenye haraka, na abiria mmoja aliyenitukania ukoo mpaka kwa mababu wa Kilwa. Hakuna neno lililowahi kunikata miguu kama lile. Kuna jibu moja tu la shikamoo, na mtoto hampi mzazi wake jibu hilo. Afadhali ale udongo. Nikasimama. Yeye akangoja. Kichwani mwake alikuwa mama wa mtoto wa chuo, na mbele yake amesimama mwanamume mzima asiyeitikia. Niliona aibu ikimpanda usoni, ile ya mtu aliyetoa salamu ikaachwa hewani.

"Shikamoo," akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

"Mjibu," dada alisema kutoka mlangoni. "Ataona umemdharau."

Nikateremsha kioo. Humo ndani, peke yangu na pumzi zangu, nikasema, "Marahaba."

Lakini ndiyo tabia ya elementi za aina ile. Sauti haitoki. Mama aliendelea kuningoja, ameinua uso. Ikabidi nivute pumzi na kupaza sauti, mpaka mpita njia mwenye furushi la vitenge akageuka.

"Marahaba!"

Alitulia. Mabega yakashuka, akatabasamu, akaokota kazi yake akanionyesha. Vitobo vyote vilikuwa vimekamilika, na ukingo umeshashonwa.

"Huko uendako," akasema, "ukimwona mwanangu, mwambie kofia yake iko tayari. Utamjua. Kichwa chake ishirini."

"Nitamwambia," nikajibu, na hilo alilisikia kwa mara moja.