Siku Nne za Kijiwe cha Sokoni

"Hiki kitajua nimesimama. Kitajua na sababu?"

Mjomba aliniuliza hivyo nikiwa nimeinama ndani ya bajaji yake, nabandika chini ya usukani kifaa cheusi kidogo kama kiberiti. Nikamwambia asogeze mguu.

"Msomi kanyamazishwa na dereva!" mwenzake akapayuka. Kijiwe kizima kikacheka.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikapata mkataba mfupi kwenye mradi wa kupanga upya usafiri wa Bagamoyo. Kwa siku nne vifaa vingerekodi bajaji zinapita wapi na zinasimama wapi, kisha kompyuta ingependekeza vituo vya kubaki. Kisichotumika kingefutwa. Kijiwe cha mjomba, pale soko la samaki, kilikuwa na bajaji kumi na moja. Zote nilizifunga vifaa kwa mkono wangu.

Alfajiri ya siku ya kwanza, mama wa dereva mmoja akafariki. Madereva wale wana desturi yao: mwenzao akifiwa, hakuna anayepakia abiria mpaka hitima isomwe. Bajaji zote zikahamia uani kwa wafiwa, huko Zinga, zikawa zinabeba maji, kuni na masufuria. Nami nilikuwepo, nakuna nazi na wanawake, naviona vifaa vyangu vinamulika taa ya kijani. Hitima ilisomwa siku ya nne.

Ofisini Dar, ramani ilionyesha soko la samaki tupu. Zinga palikuwa na duara kubwa jekundu.

"Hapa pana kituo kikubwa," bosi akasema.

"Hapo ni msibani. Turudie kupima."

"Dada, mfumo hauna sehemu ya kujaza msiba. Na muda umekwisha."

Mimi niliyekuwa nikibishana na wahadhiri mpaka wanaahirisha kipindi, nilisema mara moja tu zaidi, kwa sauti ndogo. Kisha nikasaini ripoti.

Kituo cha sokoni kikafutwa. Wachuuzi wakaanza kutembea na ndoo zao za samaki mpaka barabara kuu. Mjomba alijaribu kuegesha pale kwa kujiiba, akafukuzwa mara mbili. Akarudisha bajaji kwa mwenyewe, akaenda Makurunge kupalilia miwa ya watu. Nikimwamkia aliitikia marahaba, basi. Utani wote aliokuwa nao juu yangu ulikwisha. Nikaamini ananilaumu, na nikaona ana haki.

Miaka mitatu baadaye, tukichambua mchele, mkewe akaniambia jambo. Asubuhi ile ya msiba madereva walitaka kuvibandua vifaa vyote na kuviacha sokoni kwa muuza kahawa, ili kijiwe kionekane kina watu. Mjomba ndiye aliyekataa. Aliwaambia mtoto wa dada yake ameweka saini kwamba havitaguswa. Wakivigusa, atafukuzwa kazi.