Shavu la Sarafu ya Uhuru

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikishika sarafu ya zamani. Nilikuwa kijana, fundi saa pale Mazwi, na Mzee Kapele aliyenifunza kazi alinifunza pia kupima sarafu za kumbukumbu zilizopita mikononi mwa watu. Anza na palipoinuka, alisema, shavu na nywele za ile sura iliyochorwa, maana ndipo hulika kwanza. Sarafu iliyozunguka sokoni hulika pande zote mbili. Ikilika upande mmoja tu, ujue kuna mtu aliyekaa nayo.

Akaja mama mmoja kutoka Muze na sarafu ya kumbukumbu ya uhuru, tumpimie. Ilikutwa mfukoni mwa mtu aliyezikwa Mtowisa, kule bondeni, bila kutambuliwa. Mume wa mama huyo, Baba Deo, alipotelea hukohuko, naye alikuwa na sarafu kama hiyo, akiisugua shavu kwa dole gumba kutwa nzima. Mama alikuwa hajaomba misa ya marehemu. Aliogopa kumwombea kama maiti mtu aliye hai.

Nikataka niione vizuri. Nikaisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa.

"Shavu lilikuwa limelika?" mama akauliza.

Nikaigeuza kwenye mwanga. Mikwaruzo yangu ilikuwa imefunika kila kitu.

"Umemfuta shahidi," Mzee Kapele akaniambia, taratibu tu.

Mama hakutaka kuigusa tena, akaniachia. Niliifungia koponi. Asubuhi ya tatu nikakuta weusi juu ya shavu, umbo la dole gumba. Nikaufuta. Kesho yake ukarudi. Najua, sarafu iliyosuguliwa hushika alama ya kidole upesi. Lakini dole lile liliingia kutokea kushoto, nami hushika kwa kulia, na kopo nilikuta limefungwa vilevile.

Nikaipeleka Muze, nikampa bila kueleza neno. Akaweka dole lake juu ya alama. Halikuijaza.

"Baba Deo alikuwa wa mashoto," akasema. "Pitia kwa katekista, mwanangu. Aandike jina lake kwa misa ya marehemu."

Basi nawe, sarafu usiisafishe. Ishike ukingoni, igeuze polepole kwenye mwanga wa dirisha, usome kilicholika kabla ya kutamani king'ae. Ukikosea, usivunjike moyo; mimi nilikosea vibaya, na bado nikafundishika.

Mungu akupe macho yenye subira, mwanangu, na mikono isiyomfuta mtu.