Groupe tatu za Nyamianda zilizima zikifuatana, na mimi ndiye niliyezibebesha

Wakuu, wadogo kwa wakubwa, nawasalimu kutoka Uvira.

Nasoma nyuzi zenu muda mrefu, leo ndiyo mara ya kwanza naandika. Niliacha shule darasa la tatu, mkiona herufi zimepishana mnivumilie. Lakini majina nayakumbuka yote, na hapa siongezi chumvi. Wengi waliokuwepo wako hai, wakisoma watanirekebisha.

Wiki iliyopita kuna ndugu alifungua uzi humu akiuliza kwa nini jenereta moja ikizima mtaani kwao, na nyingine zinafuata. Watu wakamcheka, wakamwambia ni uchawi.

Mimi sikucheka.

Ilikuwa miaka ya vita. Nguzo za umeme zilianguka kule mu plaine, bonde la Ruzizi, mafundi hawakuweza kwenda kwa sababu ya risasi, mji ukabaki hivyo miezi na miezi. Mwenye groupe, yaani jenereta, akawa ndiye serikali ya mtaa.

Mu avenue yetu ya Nyamianda zilikuwa tatu.

Juu, karibu na barabara kubwa, ya Papa Bitijula. Katikati yangu, niliyoachiwa na marehemu bwana yangu Kashindi. Chini, ya Papa Elisha, jirani na poste de santé, zahanati yetu ndogo. Kila mmoja na wateja wake, kila mteja na fil yake, waya wa umeme. Tulikuwa tunanyang'anyana wateja waziwazi. Bitijula alikuwa akipita kwangu anasema kwa sauti, "Taa za Mama Zawadi ziko na homa ya manjano!" Na mimi namjibu kwamba yake inapiga kelele kuliko inavyowaka.

Lakini mashine ya mwenzako ikiugua, unawapokea watu wake saa hiyo hiyo. Hilo halikuandikwa popote. Tulikuwa tumekimbia ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira na magodoro kichwani, watu wasiotujua wakatufungulia milango. Sasa jirani aje na fil mkononi umwambie hapana? Ungeanzaje?

Basi siku hiyo, saa nane za mchana, groupe ya Bitijula ikazima. Mazutu, yaani dizeli, ilikuwa na maji ndani.

Watu wake wakateremka kwangu. Mama Furaha, mwenye kongelateri, friza ya samaki wa mikeke. Shabani wa kuchomelea vyuma. Deo wa mashine ya kusaga mihogo. Mama Riziki wa saluni, na mteja wake nyuma, nusu ya kichwa imekaushwa, nusu mbichi.

Nikawaambia, "Ingieni, ingieni. Kwani tutafanya nini?"

Tulipochomeka kongelateri ya Mama Furaha, mashine ikabadilisha sauti. Ikawa inaguna. Deo alipowasha mota yake, taa zote zikainama, halafu kimya.

Sasa hapa msomaji asikilize vizuri. Watu wa Bitijula na watu wangu, wote pamoja, tukateremka kwa Papa Elisha. Nasema tukateremka kwa sababu na mimi nilikuwamo, tena mbele. Nilibeba fil begani. Nikawaambia wenzangu, "Elisha ni mtu wa kanisa, hawezi kutukatalia."

Na kweli hakukatalia. Alitusaidia hata kufunga.

Haikufika robo saa. Groupe ya tatu ikazima, avenue nzima ukasikia kuku tu.

Ndipo mlango wa poste ukafunguka, akatoka accoucheuse, mkunga wetu Mama Consolata, mikono na glavu.

"Nani amekata courant? Nani? Iko mtoto kwa mashine!"

Mtoto alikuwa wa Feza, mwanamke aliyeteremka kutoka Rurambo kwa miguu akikimbia vita, mimba ya miezi saba. Alizaa siku mbili kabla. Yvette, ndilo jina walilomwekea, alibatizwa haraka na Consolata mwenyewe. Mapafu hayakuwa yamekomaa. Poste ilikuwa na mashine moja ya kutoa hewa safi, na fil yake ilitoka kwa Papa Elisha.

Elisha akavuta kamba ya kuwashia. Ikawaka, ikazima. Akavuta tena. Ikawaka, ikazima. Akavuta mara ya tatu, na mara ya nne, shati limelowa. Sisi tumesimama tunamhimiza, "Vuta, Papa, vuta!"

Hakuna aliyefikiria kwamba fil zetu zote zilikuwa bado zimefungwa pale. Kila alipoiamsha, kongelateri zote na mota zote zinairukia kwa pamoja. Shabani wa kuchomelea ndiye aliyeelewa. Akalia, "Tuko tunaiua sisi wenyewe! Toeni!" Tukang'oa fil kama watu wanaong'oa magugu.

Ikawaka. Ikakaa.

Tukageuka kuangalia mlango wa poste. Consolata alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alikuwa amevua glavu.

Baadaye aliniambia kwamba mtoto wa miezi saba, kwa hali ile, pengine asingepona hata hivyo. Aliniambia kwa huruma. Sijaegemea maneno hayo hata siku moja.

Tulimzika Yvette kesho yake. Feza hakutulaumu, kwa sababu hakujua. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia, kitandani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta.

Siku ya tatu tukakutana kwa Papa Elisha, wenye groupe sisi watatu, na Consolata, na Shabani kwa vile alijua mambo ya umeme. Wakuu, palichemka.

Shabani akasema, "Mashine ikianguka, ianguke peke yake. Watu wake wakae gizani."

Bitijula akaruka. "Yaani minye nifukuze watu? Weye Shabani, vita ilipofika, nani alikuficha juu ya dari, mu plafond yake?"

"Ni weye, Papa."

"Sasa?"

"Sasa plafond ilibeba muntu moja. Ungeweka avenue nzima ingetuangukia."

Bitijula akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa.

Tukakubaliana hivi. Mashine ikizima, hakuna mteja anayehamia kwa jirani. Fil moja tu ndiyo inayoruhusiwa kuhama, ya poste de santé: groupe ya Elisha ikianguka, poste inakuja kwangu. Na siku poste iko kwangu, natoa kila kitu chenye mota, nabaki na ampuli, balbu za watu, tu. Tena mota haiwashwi siku hiyo, hata ya nani, kwa sababu kuwasha ndiko kunakoangusha mashine. Na mashine ikifufuka, watu wanarudi mmoja mmoja, kwa kuitwa jina.

Nani ataita majina? Wakanitazama. Nilijua kila nyumba na kila kilichochomekwa ndani. Elisha alitaka yaandikwe. Bitijula akasema, "Ya nini? Huyu mama ndiye daftari lenyewe."

Nikawa napita asubuhi na jioni kuangalia nani amechomeka nini. Watu walinichukia. Waliniita Mama Disjoncteur, kile kidude cha kujikata. Mama Riziki aliniapia, "Minye niko na ampuli moja tu, weye unanionea!" na huku harufu ya nywele zinazochomwa inatoka dirishani.

Lakini mpango ulisimama. Mara nne mashine moja ilizima, na mara zote nne ilizima peke yake. Mara ya kwanza watu walikaa gizani wakisikia groupe ya jirani inanguruma, wakatutukana. Mara ya nne walizoea.

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike.

Mdogo wangu Byamungu, tumbo moja na mimi, alipigwa risasi barabarani akitoka shambani, akafa pale pale. Nani alipiga, hatukujua na hatujui. Tukamleta nyumbani kwake, upande wa Bitijula.

Mtoto wake wa kwanza, Jean-Claude, alikuwa Bukavu. Alituma habari kwa phonie, ile radio ya parokia: "Nakuja, msimzike mpaka nifike." Njia ya plaine ilikuwa na vizuizi kila mahali, siku moja ikawa mbili. Wifi yangu Nabintu aliazima kongelateri ya Mama Furaha, tukawa tunatengeneza barafu, tunamzunguka nayo ndugu yangu. Joto la kwetu wenyeji mnalijua.

Siku ya tatu asubuhi groupe ya Elisha ikavunjika kipande cha ndani. Fil ya poste ikaletwa kwangu, kama tulivyokubaliana. Kulikuwa na mtoto kwa mashine tena, mtoto wa mwanamke kutoka upande wa Kavimvira. Nikakata mota zote, nikabaki na ampuli.

Saa nne hivi, groupe ya Bitijula nayo ikazima.

Nabintu akaja. Alikuwa amejifunga kitenge cha matanga, fil mkononi. Hakulia. Nyuma yake nikamwona Deo, na Mama Furaha, na wengine, wamesimama mbali kidogo. Wanatazama nitafanya nini.

"Wifi," akasema, "iko kongelateri moja tu."

"Poste iko kwangu, wifi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja minye, sikutuma muntu. Ni Byamungu. Barafu imeshakuwa maji."

Nikaitazama mashine. Ilikuwa inakwenda polepole, ina ampuli chache na ile ya mtoto. Nafasi ilikuwapo, hilo sifichi. Lakini ni kongelateri iliyoifanya igune siku ile, kabla Deo hajaimaliza. Na nikimfungulia mke wa ndugu yangu, Deo nitamwambia nini? Alikuwa na mihogo ya watu imelala bila kusagwa.

Nikasema, "Nafasi haiko."

Akasema, "Weye uliyebeba fil begani ukazima hii avenue, leo ndiyo umejifunza? Kwa maiti ya ndugu yako?"



Akakunja fil vizuri, mzunguko kwa mzunguko, akaondoka.

Saa tisa wazee wa familia walisema haiwezekani kungoja. Tukamzika Byamungu. Groupe yangu ilikwenda mpaka jioni bila kuyumba, Bitijula akarekebisha yake, poste ikarudi kwa Elisha kesho yake. Yule mtoto wa Kavimvira alitoka kwenye mashine baada ya siku tano, akiwa mzima.

Jean-Claude alifika asubuhi iliyofuata, viatu vimejaa udongo. Akakuta kaburi.

Hakunigombeza. Alikuja kwangu baada ya matanga, akaketi kwenye kiti cha bwana yangu, akaniuliza kwa heshima kabisa.

"Shangazi, ilikuwa fil moja tu?"

"Moja tu."

"Na mashine ingezima?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu."

Akatikisa kichwa, akaomba maji, akanywa, akaondoka. Nabintu tangu siku hiyo tunasalimiana kanisani. Kwangu hajala.

Wakuu, somo nililobaki nalo ni hili. Mara ya kwanza nilikubali, na nilijua jioni ile ile nilichofanya, kwa sababu mtoto alikufa mbele yangu. Mara ya pili nilikataa, na sitajua kamwe kama nilimwokoa mtu au nilimnyima ndugu yangu bure kuzikwa na mwanawe. Anayekataa kwa wakati hapewi ushahidi. Anaishi bila huo.

Kwa yule ndugu wa uzi wa wiki iliyopita: si uchawi. Kaeni pamoja wenye jenereta wote wa mtaa wenu kabla ya siku yenyewe, mkubaliane nani anakaa gizani. Mkingoja siku yenyewe, nyote mtafungua milango.

Na walioko humu wanaojua mashine kuliko mimi, mafundi, nawaomba kweli. Groupe ya zamani ya mazutu, ya saizi ya mtaa, ampuli kama kumi na tano, mashine ya hewa ya mtoto, halafu uwashe kongelateri moja. Ingebeba?

Semeni mnavyojua, hata kama jibu ni ndiyo. Nitasoma kila comment.