Wa Mwisho Kukata

Jamani, mimi nimechoka na hii karakana. Mimi ni fundi wa makochi. Kazi yangu ni sponji, kitambaa na misumari midogo. Lakini miguu ya makochi lazima ikatwe kwenye mashine ya kukatia mbao, na mashine ni ya kaka yangu na wenzake wawili, maseremala. Na hao maseremala wamejiwekea sheria: wa mwisho kukata jioni ndiye wa kuisafisha na kuipaka mafuta.

Sheria nzuri, sivyo? Haya, ngoja. Asubuhi wanaigombea kama watoto na bembea. Ikifika alasiri, kimya. Huyu eti anapiga msasa, yule eti anapima mlango aliokwisha kuupima. Nikiingia na ubao wangu, "Fundi, nikatie mguu huu," wananitazama kama nimewatukana.

"Aa, dada, mimi nimeshafunga kazi. Muulize Mkia."

Mkia ndiye kaka yangu. Wamempachika jina hilo kwa kuwa siku zote yeye ni wa mwisho. Na msidhani anaonewa. Heri angekuwa anaonewa, ningewatolea uvivu hao wawili. Anajitakia mwenyewe! Wenzake wakianza kunawa, yeye anaokota kipande cha ubao kisicho na kazi, anakikata ncha, basi, zamu ni yake.

"Kaka, wanakufanya punda," nilimwambia.

"Wao hawaisafishi, mdogo wangu, wanaipangusa tu. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta! Najua! Masikio yameota sugu!"

Wala hanisikii. Anachomoa plagi, anapiga magoti, anaingiza kichwa chini ya meza ya mashine. Anafagia unga wa mbao kwa brashi kuukuu ya rangi. Anasugua utomvu uliogandia meno ya msumeno kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, anaubonyeza mkanda kwa kidole gumba kuona kama umelegea, anatia tone la mafuta kwenye beringi. Ile skrubu ya kupandishia msumeno anaisugua kwa mshumaa. Ole wako umtajie grisi! Atakueleza hadi ujute kuzaliwa kwamba grisi inanasa unga wa mbao, vinashikana, na skrubu haizunguki tena. Akija kumaliza, giza limeshaingia.

Sasa kuna mkewe. Wifi yangu si mtu wa makelele. Akikasirika anapunguza maneno. Juzi nilipita kwake nikamkuta anakunja nguo, anazipanga kwenye begi.

"Wifi, safari ya wapi?"

"Kwetu."

"Kuna msiba?"

"Msiba uko humu humu ndani." Akakunja kanga nyingine. "Wenzake wanapita hapo dirishani mapema, wameshanawa. Yeye anaingia giza, ananukia mshumaa. Wifi, mwanamume mzima anawasha mshumaa na nani?"

Nikacheka. Nilikosea, kwa sababu yeye hakucheka.

"Mgongo unaniuma mwezi mzima," akasema, "hata kuinama kwa shida. Hajaniuliza. Nimejua tu kwamba moyo wake uko kwingine. Mimi naondoka."

Looh! Nyumba inavunjika kwa ajili ya mshumaa wa kusugulia skrubu! Nilimshika mkono na begi lake. "Twende ukamwone huyo mwanamke wake. Leo leo!" Njia nzima nilikuwa nafoka, mara maseremala wavivu, mara kaka yangu juha, na wifi ananifuata kimya, mkono mmoja kiunoni.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu. Wenzake walishaondoka zamani. Miguu ya kaka ilitokeza chini ya meza ya mashine. Nikafungua mdomo nimwite, kisha nikasikia anaongea.

"Pole, mama. Leo wamekuchosha, eh? Kutwa nzima mbao mbichi. Hapa ndipo panapouma? Haya, taratibu... nakupaka, utalala vizuri."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimemleta mtu aone mashine, roho yake itulie, naye anasikia maneno ambayo hajaambiwa tangu sijui lini. Nilimgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Kumbe maneno matamu unayo," akasema.

Kaka aliinuka kwa pupa, akajigonga kichwa kwenye meza. Akatuangalia sisi, akaliangalia begi, akaelewa. Uso ukamshuka.

"Mke wangu, hii si mashine tu? Haina mdomo. Usipoiuliza, utajuaje inapoumwa?"

"Na mimi nimenyamaza mwezi mzima," akasema wifi. "Niulize."

Kaka aliuweka mshumaa chini, akajifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, muda mrefu. Kisha akavuta kochi langu, lile ambalo halijavalishwa kitambaa, akamsogezea mkewe.

"Kaa hapa," alisema. "Panauma wapi?"

Wifi akakaa. Akaanza kumweleza, polepole, na kaka akachuchumaa mbele yake, hakutazama kwingine. Skrubu ilikuwa imesuguliwa nusu tu. Nikauokota ule mshumaa, nikaingiza kichwa changu chini ya meza, nikaimalizia mwenyewe, huku nawalaani kimoyomoyo wale maseremala wawili.