Mwindaji Hakufa

Utotoni nilikuwa nikimsomea dada Rehema, ambaye haoni, kitabu cha mwindaji. Alasiri moja mihogo ya kukaanga ilinukia uani, na nje wenzangu wakanipigia kelele niende kucheza mpira. Nikafunga kitabu katikati.

"Simba akamla. Mwisho."

Nilidhani angesahau kabla ya mechi kwisha. Alimlilia mwindaji siku tatu, nami sikumwambia ukweli hata tulipozeeka.

Juzi, kwake Kimara, mashine yake mpya ya kusoma vitabu kwa sauti ilikuwa ikisoma kitabu kile kile; ikafika pale nilipokifunga, ikaendelea. Mwindaji akapanda mti.

"Hajafa! Muongo wewe!"

Rehema akabonyeza kitufe, akarudisha nyuma, akaongeza sauti hadi majirani wakasikia. Nikaanza kuomba radhi.

"Nyamaza, mdogo wangu," akasema akicheka. "Zimebaki sura tatu, na leo humalizi wewe."